Nyama Tumeirithi, Mwendo Tumeuacha

  

Leo twataka kujibu barua. Imetoka Kitengela, na aliyeiandika ametuomba tusilitaje jina lake. Anasema hivi:

“Wapendwa, mimi ni mzee wa miaka 56. Nilizaliwa manyattani karibu na Kajiado, na sasa nakaa Kitengela, ambako nina nyumba za kupangisha. Nilikwenda hospitali kwa sababu ya goti. Daktari akataka damu yangu ipimwe, kisha akaniambia kwamba kolesteroli yangu imepanda sana. Jumla ni 7.4, na ile mbaya inayoitwa LDL ni 5.1. Akanipa tembe nimeze kila usiku, akaniambia nipunguze nyama ya mafuta. Nilimeza kwa mwezi mmoja, kisha nikaziweka kabatini. Siumwi mahali popote. Baba yangu na babu yangu walikula nyama na kunywa maziwa maisha yao yote, wakazeeka vizuri. Je, huu si ugonjwa wa wageni tu? Tena nimeomba, na ninayo imani. Nawaomba pia mwikumbuke familia ya ndugu yangu mdogo, ambaye alianguka ghafla katika soko la ng'ombe pale Bissil mwaka juzi. Alikuwa na miaka 47. Hakufika hospitali.”

Mzee wetu, asante kwa barua hii. Tumeisoma zaidi ya mara moja. Ule mstari wa mwisho, uliouandika kama salamu tu, tutaurudia kabla ya kuagana. Lakini kwanza tujibu swali lako, maana ni swali la haki, na wako wengi wanaouliza vivyo hivyo wakiwa wamekaa mbele ya sahani ya nyama choma.

Swali lako limekwisha kuulizwa na wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja Afrika Mashariki na wenzake kuwapima Wamaasai. Siku zile wenzao wa Marekani walikuwa wakifa kwa wingi kwa ugonjwa wa moyo, na wataalamu walikuwa wameanza kuyashuku mafuta ya wanyama. Basi Mann akataka kuwaona watu ambao chakula chao ni maziwa, nyama na damu. Waliwapima wanaume 400 huko Tanganyika, pamoja na wanawake na watoto, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1964. Walikuta kolesteroli ya chini na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo.

Mzee wetu, mpaka hapo ushahidi uko upande wako. Baba yako na babu yako hawakudanganya. Lakini habari haikuishia hapo, na hapa ndipo watu wengi huiachia njiani.

Mwaka wa 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kazi nyingine. Safari hii walikuwa wameichunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Wakaipasua mishipa ile midogo inayoulisha moyo wenyewe, wakaipima unene. Walikuta nini? Walikuta kwamba kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kwa mafuta, sawa na za wazee wa Marekani! Yale mafuta yalikuwapo. Hata hivyo mishipa ya wazee hawa ilikuwa imepanuka kadiri walivyozeeka, hata damu ikawa na nafasi ya kupita ijapokuwa ukuta umenenepa. Wataalamu wale walifikiri kwamba iliyoipanua ni kazi ya mwili, yaani kule kutembea kwingi kwa miaka yote ya maisha.

Wasikilizaji, tusimame hapo kidogo. Wazee wetu hawakulindwa na nyama. Huenda walilindwa na miguu yao.

Jambo hili limepata kuonekana tena karibu na siku zetu. Mwaka wa 2010 ulichapishwa uchunguzi wa Tanzania uliowalinganisha Wamaasai na watu wengine wa mashambani, na watu wa mjini pia. Wamaasai ndio waliokula mafuta mengi ya wanyama, na hata hivyo mafuta ya damu yao yalikuwa katika hali njema. Lakini kila siku walikuwa wakitumia nguvu ya mwili zaidi ya mara mbili ya ile waliyotumia watu wa mjini, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikwenda katika kutembea.

Sasa hebu tumtazame babu alivyoishi, halafu tujitazame sisi. Chakula chake cha kila siku kilikuwa maziwa, na mara nyingi maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu. Nyama ilikuwa na majira yake: sherehe, ugonjwa, mgeni, au vijana walipokwenda porini kula nyama kwa majuma. Supu ilitiwa magome na mizizi ya miti. Wakati wa kiangazi alilala na njaa. Na katika majira yote alitembea. Aliwafuata ng'ombe hadi majini na kurudi, akalala mwembamba, akaamka mwembamba.

Na sisi? Katika miaka ya 1980 mashamba ya jumuiya ya Kitengela yalianza kugawanywa. Mwaka wa 1990 serikali ikaanzisha mpango wa viwanda vya kuuza nje, na eneo la Athi River, jirani zetu, likajaa kazi na watu. Mahali palipopita twiga pakajengwa maduka na nyumba za kupanga. Hatusemi ni vibaya. Watoto wamesoma, na maji yamefika karibu. Lakini ng'ombe wetu wamebaki wachache, na wengine hawana hata mmoja. Tukienda dukani mwendo wa dakika kumi, twaita pikipiki. Asubuhi ni chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mandazi. Mchana ni chipsi. Jioni twapitia kwa rafiki aliye na jiko la nyama, na siku ya Jumapili baada ya ibada twakwenda tena na jamaa. Nyama iliyokuwa ya sherehe imekuwa ya kila siku, na mwendo uliokuwa wa kila siku umekuwa wa sherehe.

Kwa hiyo, mzee wetu, usipojilinganisha na babu katika mwendo, usijilinganishe naye katika nyama. Nyama tumeirithi, mwendo tumeuacha.

Wako wataalamu wengine waliosema kwamba huenda miili ya Wamaasai imezoea kujitengenezea kolesteroli kidogo pale wanapoipata nyingi katika chakula. Huenda ni kweli. Lakini damu yako imekwisha pimwa. Ni 7.4. Ikiwa una kinga hiyo ya ukoo, basi haikutosha.

Lakini hii kolesteroli ni kitu gani hasa?

Tusiiite sumu, maana si sumu. Ni namna ya mafuta, laini kama nta, ambayo mwili wenyewe huitengeneza, na fundi mkuu wa kazi hiyo ni ini. Mwili unaihitaji ili kujenga kuta za chembe zake zote, na kutengeneza nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Mtoto mchanga anayo. Mtu asiyeonja nyama anayo pia. Ubaya huja inapozidi.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni majimaji. Kwa hiyo ini huyafunga mafuta haya katika vifurushi vidogo na kuvipeleka safarini. Kifurushi kimoja huitwa LDL. Hiki hubeba kolesteroli kutoka kwenye ini na kuisambaza mwilini. Kingine huitwa HDL, nacho husaidia kuokota mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Ndiyo sababu watu husema LDL ni mbaya na HDL ni nzuri, ingawa zote mbili zina kazi yake.

Vifurushi vya LDL vikiwa vingi kupita kiasi, huanza kujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa. Ninyi mnaotumia maji ya visima vya Kitengela mnajua jinsi birika linavyofanya ukoko mweupe ndani. Mfano huo wasaidia, lakini haukamiliki, maana ukoko wa birika hukaa juu ya bati, na mafuta haya huingia ndani ya ukuta wenyewe, yakavimba kama jipu lililo chini ya ngozi. Kazi hiyo huchukua miaka ishirini, hata thelathini, na haiumi. Halafu siku moja jipu lile hupasuka. Damu, ikidhani kuna jeraha, huganda pale pale ili kuliziba. Donge hilo likiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi.

Ndugu msikilizaji, unaona sasa kwa nini neno “siumwi mahali popote” haliwezi kuwa jibu? Njaa ina dalili, malaria ina dalili, hata jino bovu hukunyima usingizi. Kolesteroli haibishi hodi. Anayeijua ni yule aliyepimwa tu.

Basi tuzungumze juu ya kupimwa. Ni damu kidogo inayotolewa mkononi, na maabara za miji yetu huweza kuipima. Zamani kila mtu aliambiwa asile tangu usiku. Siku hizi si lazima kila mara, kwa hiyo ufuate utakavyoagizwa na maabara. Majibu hapa kwetu huandikwa kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kwa kawaida jumla ya kolesteroli hutakiwa iwe chini ya 5.2. LDL hutakiwa iwe chini ya 3 kwa mtu asiye na hatari nyingine, na chini zaidi kwa aliyekwisha kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi. HDL hutakiwa izidi 1.0 kwa mwanamume, na 1.2 au zaidi kwa mwanamke. Kuna na mafuta mengine ya damu yaitwayo traigliseridi, ambayo hutakiwa yasifike 1.7. Hayo hupandishwa sana na sukari, pombe na unene.

Lakini daktari mwema haangalii namba moja tu. Huuliza umri wako, presha yako, kama una ugonjwa wa sukari, kama unavuta sigara, na kama kuna mtu wa nyumba yenu aliyeshikwa na moyo mapema. Mambo haya hujumlishana. Aliyetimiza miaka 40 yafaa apimwe. Mwenye sukari, presha, au jamaa aliyekufa ghafla akiwa bado na nguvu asingoje miaka hiyo.

Tuje kwenye chakula, na akina mama tunaomba mtege sikio, maana sufuria iko mikononi mwenu, na lawama isiyo yenu mara nyingi huwaangukia.

Kinachopandisha LDL zaidi ya vitu vingine katika chakula ni mafuta magumu. Haya ni mafuta ya nyama, ngozi ya kuku, siagi, samli, na mafuta ya kupikia yale yanayoganda. Ini lina kama milango ya kuyaingiza ndani yale mavifurushi ya LDL yanayozunguka katika damu. Wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio walioigundua milango hiyo, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1985. Tukila mafuta magumu kwa wingi, milango hupungua, na LDL hubaki barabarani ikizurura.

Hapa twataka kuwatahadharisha juu ya maandishi ya mikebe. Utaona imeandikwa kwamba mafuta haya hayana kolesteroli. Ni kweli, maana hakuna mafuta ya mimea yaliyo na kolesteroli ya maana. Lakini mafuta ya mawese, ambayo yamo katika mikebe na chupa nyingi za hapa kwetu, yana mafuta magumu mengi, na ini likiyapata hupunguza milango yake vile vile. Njia rahisi ya kuyatambua ni hii: asubuhi ya baridi, kama ile ya Julai pale Kajiado, tazama mafuta yako. Yaliyoganda ni ya kupunguza. Yaliyobaki majimaji, kama ya alizeti, ni afadhali, nayo pia kwa kijiko, si kwa kumimina. Na mafuta yaliyokaangiwa chipsi mara nyingi mpaka yakawa meusi, hayo tuyaache kabisa.

Je, nyama ikatazwe? La. Twasema ipunguzwe, na ichaguliwe. Kipande kisicho na mafuta, ukubwa wa kiganja, mara chache kwa juma, kwa watu wengi si tatizo. Ondoa mafuta kabla ya kupika. Chemsha au choma, na mafuta yanayodondoka yaache yaende motoni. Matumbo, maini na mutura viwe vya siku moja moja. Siku nyingine, maharagwe, ndengu na githeri vishike zamu. Vyakula hivi vina namna ya makapi laini yanayoikamata kolesteroli tumboni na kuitoa nje. Ongeza sukuma wiki, managu na terere. Unga wa mahindi usiokobolewa na wa wimbi ni bora kuliko ule mweupe sana. Parachichi lina mafuta, lakini ni mafuta laini, na yafaa. Njugu pia, bila chumvi nyingi.

Na maziwa ya mgando je? Mwaka wa 1974 Mann pamoja na Dakta Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye watu wengi wa Kenya walimjua kama Mama Daktari, walichapisha habari ya vijana 24 wa Kimaasai waliopewa maziwa ya mgando kwa wingi. Walinenepa, lakini kolesteroli yao ilishuka. Hatusemi kwamba maziwa ya mgando ni dawa, maana watu 24 ni wachache. Twasema kwamba kikombe cha maziwa ya mgando, bila sukari, si adui yako. Kilo ya mbavu za mbuzi kila Jumamosi ndiyo ya kuogopa.

Tunajua lililo gumu. Mzee akikaribishwa kwa jamaa, huwekewa kipande chenye mafuta kwa heshima, na kukikataa ni kama kumkataa mwenyeji. Wasikilizaji, hili twaweza kulisema wazi bila haya. Mwambie mwenyeji wako mapema, “Ndugu yangu, daktari amenizuia mafuta, nikatie kipande chekundu, na hicho kinono mpe kijana aliyetoka malishoni.” Heshima itabaki pale pale. Tena, ninyi wenyeji, msimlazimishe mgonjwa. Kumpenda mgeni ni kutaka arudi tena.

Na sasa mwendo. Si lazima kuwa na ng'ombe ili utembee. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kazi ya mwili inayomfanya apumue haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chako. Nenda kanisani kwa miguu. Mwenye nyumba za kupangisha na azizungukie kwa miguu kila asubuhi badala ya kupiga simu. Na sigara tuiache, maana huchubua kuta za mishipa na kuyafungulia mafuta njia.

Wasikilizaji, tumefika mahali pagumu zaidi, yaani zile tembe zilizo kabatini.

Tembe za kushusha kolesteroli zinazotumika sana huitwa statini. Asili yake ni ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliokaa. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Japani, Akira Endo, alipima aina elfu kadhaa za ukungu, akapata mmoja uliozuia utengenezaji wa kolesteroli. Tembe ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1987. Ini likizuiwa kutengeneza nyingi, hufungua milango zaidi na kuivuta LDL kutoka katika damu. Mwaka wa 1994 yalitoka matokeo ya wagonjwa 4,444 wa moyo katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambao nusu yao walipewa tembe hizi kwa miaka ipatayo mitano. Vifo kati ya waliopewa vilipungua kwa karibu theluthi moja.

Lakini tembe hufanya kazi siku inapomezwa. Ukiiacha, baada ya majuma machache kolesteroli hurudi ilipokuwa. Haikuponyi ukaaga, ila inakulinda mradi uko nayo, kama boma linavyowalinda kondoo mradi lango limefungwa. Hakuna anayesema, “Mwezi huu fisi hakuingia, basi na tuliondoe boma.”

Wengine huumwa misuli wanapozitumia. Ikiwa ndivyo, au ikiwa mkojo umekuwa mweusi, rudi kwa daktari upesi. Ataweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, amwambie daktari kwanza. Usimgawie jirani tembe zako. Na yule mwuzaji anayepanda matatu na chupa ya kusafisha mishipa kwa siku saba, mwache ashuke na chupa yake.

Mzee wetu, umeandika kwamba umeomba na unayo imani. Hatutaipunguza imani yako hata kidogo. Twataka tu kukukumbusha habari ya Mfalme Hezekia, katika Wafalme wa Pili sura ya 20. Aliugua karibu ya kufa, akalia na kuomba, akaahidiwa miaka 15 zaidi. Na baada ya ahadi hiyo, nabii yule yule aliyeileta akaagiza ziletwe tini, zikawekwa juu ya jipu lake. Sala na dawa zilikaa katika chumba kimoja, na mfalme hakuona kwamba moja yaikana nyingine. Anayemeza tembe yake kila usiku baada ya sala, naye hajapungukiwa na imani.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa mwisho wa barua yako.

Ndugu yako mdogo alikuwa na miaka 47. Alianguka ghafla. Hakuna kati yetu awezaye kusema kwa hakika kilichomwangusha, maana hatukumpima, naye amekwisha kulala. Lakini wewe na yeye mlizaliwa na baba mmoja. Na LDL yako ni 5.1. Wataalamu wanapoiona namba inayozidi 4.9 na jamaa wa karibu aliyekufa ghafla mapema, huuliza kama kuna kolesteroli ya kurithi, ambayo ini huzaliwa likiwa na milango pungufu. Ulimwenguni karibu mtu mmoja katika kila 300 anayo. Mtu huyo hata akiwa mwembamba, hata akitembea kutoka Kajiado hadi Namanga, damu yake hubaki na LDL nyingi. Na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Hatukuambii kwamba unayo. Twakuambia umwulize daktari, na umweleze habari za ndugu yako, maana twaona kwamba ulipokwenda kwa ajili ya goti huenda hukumwambia. Kisha wapeleke watoto wako wapimwe. Na watoto wa marehemu je? Hao ndio uliotuomba tuwakumbuke. Tutawakumbuka, lakini wewe ndiwe baba yao mkubwa. Wanaweza kuwa wamerithi ng'ombe wachache, na wanaweza kuwa wamerithi na kitu kingine kisichoonekana. Wapeleke nao.

Tena, sote tuzijue dalili za hatari. Kifua kubanwa kama umewekewa mzigo, maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, jasho la baridi, pumzi kukatika: hapo usilale kusubiri asubuhi, wala usisubiri mchango wa harambee, nenda hospitali saa ile ile. Mdomo ukipinda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Basi, mzee wetu wa Kitengela, jibu letu kwa ufupi ni hili. Babu yako alisema kweli juu ya nyama yake, lakini hakuishi siku zako. Usiku huu, kabla ya kulala, fungua kabati. Tazama tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Kesho asubuhi rudi kwa daktari, umwambie kwamba uliacha, bila kuona haya, maana si wewe wa kwanza. Na kama hospitali haiko mbali sana, na goti likikuruhusu, nenda kwa miguu.